Kabla Hujanunua Sola: Soma Lebo, Piga Hesabu, Ndipo Utoe Hela

"Fundi, nimenunua sola ya elfu mbili, mbona friji inawaka dakika tano inazima?"

Swali hili, au ndugu yake, nalipokea karibu kila wiki. Mama aliyeniuliza safari ya mwisho ana kibanda cha vinywaji Mkuranga. Nilipofika nikakuta ile "elfu mbili" ni namba iliyoandikwa kwenye boksi la inverta, kile chombo cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi. Juu ya bati kulikuwa na paneli moja ya wati 150, na chini ya kaunta betri ya gari, N70, imefunikwa kanga. Hakuibiwa. Vitu vyote vilikuwa vizima. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ile 2000, ile 150 na ile 70 ni vipimo vya vitu vitatu tofauti, na kwamba friji yenyewe inadai kipimo cha nne.

Mwongozo huu hautakufanya fundi. Utakuwezesha kuingia dukani na karatasi yenye namba zako, na kumwelewa muuzaji anapoanza kumwaga maneno yake.

Andaa kwanza

- Daftari, kalamu na kikokotoo cha simu.
- Picha za lebo za kila kifaa unachotaka kuwasha. Lebo ya friji huwa nyuma karibu na kompresa, au ndani ukifungua mlango.
- Multimita inayopima volti za DC, yaani umeme wa betri na paneli. Ya bei ya chini inatosha.
- Dira. Ya kwenye simu ni sawa, ila usiishike karibu na bati au nondo, itakudanganya.
- Siku moja ya kushinda nyumbani ukiangalia kivuli kinavyotembea juu ya paa.
- Kama una umeme wa gridi, namba za mita yako asubuhi ya leo na asubuhi ya wiki ijayo. Tofauti yake gawa kwa 7: hayo ndiyo matumizi yako ya siku, hata kama hesabu yako ya daftari inasema vingine.

1. Tenganisha wati na wati-saa

Ukiielewa hatua hii, nusu ya kazi imekwisha. Usiiruke.

Wati (W) ni kasi: kifaa kinakula umeme kwa pupa kiasi gani wakati kimewashwa. Wati-saa (Wh) ni jumla ya kilicholiwa. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula wati-saa 1,000, na hizo wati-saa 1,000 ndiyo yuniti moja ileile unayonunua kwenye LUKU. Kwenye lebo imeandikwa kWh. Taa ya wati 7 ukiisahau ikawaka usiku na mchana kwa siku sita nayo imekula yuniti moja. Pasi imetumia saa moja, taa siku sita, deni ni lilelile.

Paneli na inverta vinauzwa kwa wati. Betri inauzwa kwa ampea-saa (Ah), na ili upate wati-saa zidisha hizo Ah kwa volti za betri. N70 ya yule mama: 70 × 12 = 840 Wh. Hapo ni betri mpya na unaikamua mpaka tone la mwisho, jambo ambalo usilifanye. Sababu iko hatua ya sita.

Kwa hiyo "sola ya elfu mbili" haina maana yoyote mpaka useme elfu mbili ya nini.

2. Orodhesha vifaa, zidisha wati kwa saa

Chukua nyumba ya kawaida ya Pwani, familia ya watu watano:

- Taa 6 za LED, wati 7 kila moja, saa 5: 210 Wh
- Runinga ya inchi 32, wati 45, saa 5: 225 Wh
- King'amuzi, wati 12, saa 5: 60 Wh
- Feni, wati 50, saa 8: 400 Wh
- Simu nne, Wh 15 kila moja: 60 Wh
- Friji ndogo: 600 Wh

Jumla 1,555 Wh kwa siku.

Friji inahitaji maelezo, maana ndipo wengi wanapopotea. Ukisoma wati 100 kwenye lebo ukazidisha kwa saa 24 utapata 2,400, utakata tamaa bure. Kompresa haifanyi kazi muda wote. Inawaka, inapoza, inazima. Tafuta namba iliyoandikwa kWh kwa mwaka. Friji ya mfano wangu imeandikwa 175. Gawa kwa 365 unapata 0.48, yaani 480 Wh kwa siku. Namba hiyo imepimwa kwenye chumba cha maabara, siyo kwenye jiko lenye mkaa mwezi wa Februari, kwa hiyo mimi huongeza robo: 600.

Sasa inverta nayo inakula chake wakati wa kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi. Gawa jumla kwa 0.85. Kwa mfano wetu 1,555 ÷ 0.85 = 1,830 Wh. Zungushia duara namba hii, ndiyo tutakayoitumia mpaka mwisho.

3. Ipunguzie nyumba mzigo kabla hujainunulia umeme

Hatua hii watu wanaipenda kidogo kwa sababu haina kitu cha kung'aa. Lakini feni inayozunguka usiku kucha mara nyingi inapigana na paa.

Bati lisilo na dari linapata moto wa jua na kuushusha moja kwa moja kichwani kwako. Weka dari, acha matundu ya hewa chini ya kenchi ili joto lililonaswa katikati litoke, na ukipaka bati rangi nyeupe jua litarudi lilikotoka. Dirisha la magharibi ndilo baya kuliko yote, jua la saa kumi jioni linaingia limelala. Kibaraza, mti au hata mkeka wa kuning'iniza nje unasaidia kuliko pazia la ndani, maana pazia linalizuia jua likiwa limeshaingia chumbani. Neno utakalolisikia ni kihami joto: kitu chochote kinachochelewesha joto kupita. Sufi na makuti ni vihami, bati siyo.

AC inauzwa kwa BTU, na BTU siyo umeme inaokula. Ni joto inalolitoa chumbani. AC ya BTU 12,000 inatoa joto la karibu wati 3,500, na kwa kazi hiyo inavuta umeme wa kama wati 1,100. Uwiano kati ya hizo mbili umeandikwa kwenye lebo kwa herufi EER au COP; namba ikiwa kubwa, AC ni ya kubana matumizi. Ukiiwasha usiku kwa muda wa saa nane, hata ikipumzika nusu nusu, utakula zaidi ya Wh 5,000 ukihesabu na chake inverta. Hiyo ni karibu mara tatu ya nyumba nzima niliyoorodhesha juu. Simkatazi mtu AC ya sola, ila aifanyie hesabu yake peke yake.

Maji ya moto ni hivyo hivyo. Lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 55 zinataka karibu yuniti 6. Mkazi wa Njombe, Mbeya au Arusha asijaribu kuzitoa kwenye betri. Kuna chombo kingine kabisa, kile cha mirija ya vioo na tangi juu ya paa, kinachopasha maji kwa jua bila kupitia umeme. Nacho kinaitwa sola, ndiyo maana ukiingia dukani sema ya umeme au ya maji.

Pasi, jagi la umeme na hita ya kuchovya: viondoe kwenye orodha.

4. Tafuta saa za jua kamili

Jua linachomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, lakini paneli haipati saa kumi na mbili za kazi. Jua la asubuhi ni hafifu, la jioni pia. Wataalamu hukusanya jua lote la siku na kulihesabu kana kwamba lilikuwa kali la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, kisha wanakuambia ni sawa na saa ngapi. Hizo ndizo saa za jua kamili. Kwa Dar es Salaam na Pwani mimi hutumia 4.5, Dodoma na Singida 5. Kuna miezi utapata zaidi, lakini usipange nyumba kwa miezi mizuri.

Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, hivyo paneli itazame kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15. Ukiilaza kabisa, maji ya mvua hayatiririki na vumbi linaganda ukingoni. Aliye Lodwar au Marsabit, kaskazini mwa Kenya, yuko upande wa pili wa ikweta, aitazamishe kusini.

Onyo: kivuli. Paneli imegawanywa ndani, kwa kawaida mafungu matatu, na fungu lenye kivuli linaweza kuzimika lote. Tawi la mwembe linalofunika kona ndogo linaweza kukunyang'anya theluthi ya umeme. Panda uangalie saa tatu asubuhi, saa sita, na saa tisa alasiri. Antena, tangi la maji na nguzo ya bendera ya timu yako, vyote vihesabu.

5. Pata ukubwa wa paneli, kisha soma mgongo wake

Zidisha saa za jua kwa 0.75. Hiyo robo inayokatwa ni ya joto, vumbi, waya na betri. 4.5 × 0.75 = 3.375. Kisha 1,830 ÷ 3.375 = 542. Paneli moja ya wati 550 inatosha.

Yule mama wa Mkuranga: 150 × 3.375 = Wh 506 kwa siku, na friji peke yake, ukihesabu na mlo wa inverta, inataka 700. Hata angebadilisha inverta mara kumi.

Geuza paneli usome karatasi ya nyuma. Ya 550 itakuwa na namba zinazofanana na hizi:

- Pmax 550 W. Wati za juu kabisa.
- Voc 49.8 V. Volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu chochote. Hii ndiyo namba ya usalama wa kontrola, tutakayoiona hatua ya saba.
- Vmp 41.9 V na Imp 13.1 A. Volti na ampea ikiwa kazini. Zidisha uone: zinakaribia 550. Zisipokaribia, lebo imechapishwa kichochoroni.
- Isc 14 A. Ampea za juu kabisa ncha mbili zikigusana. Hii hutumika kuchagua waya na breka.
- STC. Masharti ya kipimo: jua la wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli ikiwa na joto la nyuzi 25.

Nyuzi 25! Paneli iliyo juu ya bati mchana inafika 65. Lebo inasema inapoteza kama asilimia 0.35 kwa kila nyuzi inayozidi. Nyuzi 40 zaidi ni asilimia 14, kwa hiyo 550 inakuwa 473 kabla vumbi halijachukua sehemu yake. Ndiyo sababu nasema acha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati, upepo upite.

6. Chagua betri kwa kile unachoweza kukitoa

Betri za risasi, za maji au za jeli, zisishushwe chini ya nusu. Ukizimaliza kila usiku zitakufa ndani ya miezi. Lithiamu ya fosfeti, inayoandikwa LiFePO4, unaweza kutoa asilimia 80 bila wasiwasi. Kiwango hicho cha kutoa kinaandikwa DoD.

Kwa nyumba yetu:

Risasi: 1,830 ÷ 0.5 = 3,660 Wh. Kwa volti 24 ni Ah 152. Nunua mbili za volti 12, Ah 200, uziunge kwa mfululizo, au siriizi kama tunavyosema kazini: chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine. Volti zinajumlika kuwa 24, Ah zinabaki 200.

Lithiamu: 1,830 ÷ 0.8 = 2,288 Wh. Moja ya volti 25.6, Ah 100 ina Wh 2,560. Imetosha.

Unaweza kusema friji mchana inakula moja kwa moja kutoka kwenye jua, kwa nini betri ibebe siku nzima? Kweli. Mimi hiyo tofauti siipunguzi; ndiyo akiba yako siku ya mawingu.

Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za stata, siyo kuwasha runinga kwa muda wa saa tano. N70 ya Wh 840, ukiheshimu nusu, inakupa 420. Inawaka, ndiyo. Kwa muda.

Jinsi ya kutambua feki bila kifaa: inyanyue. Betri ya kweli ya jeli, volti 12, Ah 200, ina uzito wa kilo 55 hadi 60. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja huku unaongea na simu, hiyo siyo 200 hata kama stika inasema hivyo. Na dai risiti ya EFD yenye namba ya betri, bila hiyo warantii ni hadithi.

7. Kontrola: hapa ndipo paneli kubwa zinapofia

Kontrola inakaa kati ya paneli na betri kuhakikisha betri haichajiwi kupita kiasi. Kuna aina mbili. PWM ni ya bei ndogo: inaunga paneli na betri kama swichi, na paneli inalazimika kushuka mpaka volti za betri. MPPT inabadilisha volti za ziada kuwa ampea.

Tazama tofauti. Paneli yetu inatoa ampea 13.1. Kwenye PWM na betri ya volti 24 inayochaji kwa kama 26: 13.1 × 26 = wati 340. Ukiwa na betri ya volti 12, ni kama 170. Umenunua 550, unatumia 170, na hakuna kifaa kitakachokuambia. Hili ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote siku hizi, tangu paneli kubwa ziliposhuka bei. Kwa paneli kubwa, MPPT tu.

Ampea zake: 550 ÷ 24 = 23. Nunua ya 30 A.

Volti zake: angalia kikomo cha kuingizia. Kikiwa 100 V na paneli moja ya Voc 49.8, uko salama. Mbili kwa mfululizo zinafanya 99.6, unaweza kusema zimeingia kwa kubana. Usifanye. Paneli ikipoa volti zinapanda. Asubuhi ya Juni huko Njombe, nyuzi 5, hizo mbili zinapita 104, na kontrola inakufa kabla hujanywa chai.

8. Inverta

Jumlisha vifaa vinavyoweza kuwaka kwa pamoja: taa 42, runinga 45, king'amuzi 12, feni 50, simu 20, friji 100. Karibu wati 270. Lakini kompresa ya friji ikianza inaruka mara tano hivi kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo chukua inverta ya wati 1,000, volti 24.

Soma vizuri. VA siyo wati. 1,000 VA mara nyingi ni wati 800. Namba kubwa iliyoandikwa kwa maandishi ya dhahabu kwenye boksi huwa ni ya sekunde chache tu, ile ya kudumu iko pembeni kwa herufi ndogo. Na kama una friji au feni, nunua ya wimbi safi, inaandikwa pure sine wave. Ile ya wimbi la ngazi inawasha taa vizuri lakini mota zinanguruma na kupata moto.

Inverta ikiwashwa bila kifaa chochote bado inakula, wati 10 hadi 30. Usinunue ya 5,000 "kwa ajili ya baadaye". Itakutafuna usiku kucha.

9. Waya na breka

Waya mwembamba hula volti njiani. Hesabu yake: urefu wa kwenda na kurudi kwa mita, zidisha kwa ampea, zidisha kwa 0.0175, gawa kwa unene wa waya kwa milimita za mraba.

Paneli iko mita 15 kutoka kwenye kontrola, kwa hiyo njia nzima ni mita 30. Waya wa mm² 4: 30 × 13.1 × 0.0175 ÷ 4 = volti 1.7, kati ya 41.9. Siyo vizuri sana, siyo vibaya. Wa mm² 6 unashusha 1.15, ndio ningeweka. Sasa mtu mwingine amevuta waya wa mm² 1.5 mita hizohizo kupeleka ampea 5 kwenye mfumo wa volti 12: anapoteza 1.75, mwisho wa waya kuna 10.25. Atalaumu betri.

Kati ya betri na inverta tumia mm² 16, fupi kadiri inavyowezekana, na fyuzi au breka ya 60 A karibu na chanya ya betri.

Onyo: breka iwe imeandikwa DC. Breka ya kawaida ya nyumbani ikikata umeme wa DC, cheche inaweza kubaki inawaka ndani yake badala ya kuzimika. Nimeona boksi limeyeyuka.

10. Unga kwa mpangilio huu

Kontrola ya kwanza niliyoichoma maishani niliiunga paneli kwanza, betri baadaye. Harufu yake naikumbuka, na niliilipa mwenyewe.

a) Breka zote ziwe zimezimwa. Vua pete na saa ya mkononi.
b) Pima ncha za waya wa paneli kwa multimita. Ukiona 45 hadi 50, sawa. Ikitokea alama ya kutoa mbele ya namba, chanya na hasi zimepishana.
c) Betri kwenye kontrola. Subiri skrini iwake na isome 24.
d) Weka aina ya betri kwenye kontrola: maji, jeli au lithiamu. Usiache ilivyotoka kiwandani.
e) Paneli kwenye kontrola.
f) Inverta kwenye betri. Usiiunge kwenye matundu ya mzigo ya kontrola, hayawezi kubeba ampea zake.
g) Mwisho, vifaa vya nyumbani, kimoja kimoja, friji ya mwisho.

Kufungua ni kinyume chake. Kumbuka paneli haina swichi. Jua likiwepo ina umeme, na usichomoe plagi zake zikiwa kazini. Betri za maji zinatoa gesi inayolipuka, zisilale chumbani na mtu. Na pale sola inapokutana na nyaya za nyumba au za TANESCO, simama. Hapo mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Kenya leseni hiyo inatoka EPRA.

Ikigoma

Umeme unakata saa tatu usiku. Pima betri ya risasi asubuhi kabla jua halijapanda, ikiwa imepumzika. Kwa mfumo wa volti 24: 25.4 imejaa, 24.4 iko nusu, chini ya 23.8 umeimaliza. Kama jioni ilijaa na asubuhi iko chini wakati matumizi ni yaleyale, betri imechoka. Kama haikujaa jioni, tatizo liko juu ya paa. Kwa lithiamu usitumie volti kukisia, haziyumbi mpaka dakika za mwisho. Angalia asilimia kwenye skrini yake.

Paneli ya 550 inatoa 430 tu saa sita mchana. Ni nzima. Rudi hatua ya tano usome kuhusu joto.

Inatoa 170 au 340, jua kali, betri ina njaa. Angalia kama kontrola ni PWM. Kuna zinazouzwa zikiwa na stika ya MPPT na ndani ni PWM. Zipime kwa uzito kama betri, MPPT ya kweli ina koili na bati nene la kupoza.

Inverta inalia friji ikianza. Pima volti za DC pale nyaya za betri zinapoingia kwenye inverta, wakati huohuo. Zikishuka ghafla wakati betri yenyewe haijashuka, waya ni mwembamba au teminali imelegea. Ishike teminali baada ya kuzima: iliyolegea huwa ya moto.

Umeme ulikuwa mzuri mwaka wa kwanza, sasa umepungua. Osha paneli, alfajiri, kwa maji na kitambaa laini. Usimwagie maji ya baridi saa nane mchana, kioo cha moto kinaweza kupasuka. Kisha angalia mti wa jirani, nao umekua mwaka mzima.

Betri za maji zinakauka. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya bomba wala asidi. Zikikauka tena ndani ya mwezi, aina ya betri uliyoweka kwenye kontrola siyo.

Masika, siku ya tatu bila jua. Hapa hakuna kilichoharibika. Zima inverta unapolala, baki na taa na simu tu, na friji iwashe saa nne asubuhi hadi saa tisa tu, ukiwa umejaza chupa za maji zikagande mapema kabla mvua hazijaanza. Chupa mbili za lita moja na nusu zilizoganda zitaishikilia samaki yako mpaka kesho asubuhi, mradi watoto wasifungue mlango kila dakika.